Kenyatta ipi, Moi ipi? Kuyafumbua majina ya viwanja vya Kisumu na Magharibi

Ukiwa Kisumu na mtu akakuambia mechi iko Kenyatta, usipande gari kabla ya kumuuliza ni Kenyatta ipi. Katikati ya jiji, kando ya barabara kuu ya Jomo Kenyatta, kuna uga wa michezo wa Jomo Kenyatta, ambao wengi wanaujua zaidi kwa mikutano ya siasa. Mamboleo, ukishapita Kondele kwa njia ya Kakamega, kuna Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, ule mpya wa kaunti. Kitale nao wana Uwanja wa Kenyatta, na Machakos wana wao. Akikuambia mechi iko Moi, hujapona bado: kuna Moi ya Kisumu, kuna Moi ya Embu, na kuna Kituo cha Kimataifa cha Michezo cha Moi kule Nairobi, ambacho sote tunakiita Kasarani.

Kwa miaka mingi mkanganyiko huu ulikuwa wa mashabiki na makondakta tu. Oktoba 2025 ukawa wa nchi nzima. Raila Odinga, waziri mkuu wa zamani, alifariki tarehe 15 mwezi huo, na siku zilizofuata Wakenya walipelekwa kutoka uwanja hadi uwanja: Kasarani kwa watu wa Nairobi kumwona, Nyayo kwa ibada ya kitaifa, Mamboleo kwa watu wa Kisumu na Nyanza kumuaga, kisha maziko Bondo. Hapo ndipo mapendekezo ya majina mapya yalipopamba moto, hasa lile la kuupa uwanja mpya wa Talanta, Nairobi, jina lake. Wengi waliochangia mjadala hawakujua kwamba Homa Bay tayari kuna Uwanja wa Raila Odinga, na kwamba ndio ulioandaa sherehe za sikukuu ya kitaifa ya Madaraka tarehe 1 Juni 2025, mwenyewe akiwa hai.

Kwa hiyo tuanze chini kabisa: jina la uwanja ni nini, nani hulitoa, na linabadilisha nini likishatolewa.

Uwanja mmoja, majina manne

Uwanja mmoja unaweza kuwa na majina manne kwa wakati mmoja, na kila jina lina mwenyewe. Ni kama mtu mwenye jina la kitambulisho, jina analoitwa na nyanyake nyumbani, na jina lililoshonwa kwenye sare ya kazi. Ni yule yule, ila inategemea nani anamwita na kwa shughuli gani.

La kwanza ni jina la heshima. Hili ndilo huandikwa langoni kwa herufi kubwa, na mara nyingi hutoka kwa kiongozi au mwanamichezo: Moi, Kenyatta, Masinde Muliro, Kipchoge Keino. La pili ni jina la mahali: Kasarani, Mamboleo, Kanduyi. Hili halihitaji kikao wala bajeti. Watu wa eneo hulitumia kwa sababu ndilo linalomfikisha abiria. La tatu ni jina la mdhamini, ambalo kampuni hulinunua kwa mkataba wa miaka kadhaa. La nne hulijua wachache, nalo ni jina la mashindano, yaani jina ambalo waandaaji kama FIFA (shirikisho la soka la dunia) au UEFA (la Ulaya) huupa uwanja kwa muda wa mechi zao tu.

Mabishano mengi yanatokana na kuchanganya haya manne. Mmoja anasema Kasarani imebadilishwa jina, mwenzake anasema haijabadilishwa, kumbe mmoja anazungumzia bango la mdhamini na mwingine jina la heshima ambalo halijawahi kuondoka. Kuanzia 2013, Safaricom ilipoingia mkataba, ungeona maandishi ya Safaricom Stadium juu ya majukwaa ya uwanja ule. Mkataba ulipokwisha, mabango yakaondoka. Jina la Moi lilikuwepo kabla, likabaki baadaye, na muda wote huo makondakta wa Thika Road waliita abiria wa Kasarani.

Kisumu: majina mawili yenye historia nzito

Kisumu ndiko fundo lilipokaza zaidi, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Moi ndio uwanja uliozoeleka na mashabiki wa ligi jijini. Umebeba jina la rais wa pili, Daniel arap Moi, aliyetawala kuanzia Agosti 1978 hadi Desemba 2002. Klabu ya Gor Mahia imekuwa ikiutumia kila inaporudi kuchezea nyumbani kwa mashabiki wake wa Nyanza. Desemba 2017 ulipokea nusu fainali mbili za Kombe la CECAFA, la nchi za Afrika Mashariki na Kati: Kenya waliitoa Burundi, na Zanzibar wakaibwaga Uganda. Fainali ikapigwa Machakos, na Kenya wakalinyakua kombe kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Zanzibar baada ya sare ya 2-2. Ukisoma ripoti za mashindano yale utaona viwanja vya Moi na Kenyatta vikitajwa bega kwa bega, na mtu wa nje angedhani ni vya jiji moja.

Uwanja wa Mamboleo ulijengwa na Serikali ya Kaunti ya Kisumu chini ya Gavana Anyang' Nyong'o, nao ukajulikana kote nchini siku ya Madaraka, 1 Juni 2021. Rais Uhuru Kenyatta aliongoza sherehe hizo, mgeni wake akiwa Rais Évariste Ndayishimiye wa Burundi. Hapo ndipo jina linapobeba uzito ambao vijana wengi hawaujui.

Tarehe 25 Oktoba 1969, Mzee Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti. Miezi mitatu na ushee kabla, Julai 5, waziri Tom Mboya alikuwa ameuawa Nairobi, na hasira ilikuwa bado mbichi. Kenyatta na Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani na babake Raila, walirushiana maneno makali hadharani. Ghasia zikazuka, walinzi wa rais wakafyatua risasi, na watu wakauawa, watoto wakiwemo. Siku chache baadaye chama cha Jaramogi, KPU, kilipigwa marufuku na yeye mwenyewe akawekwa kizuizini. Mzee hakurudi Kisumu tena hadi alipofariki 1978.

Kwa hiyo mwana wa Kenyatta aliposimama Mamboleo mwaka 2021, katika uwanja wenye jina la babake, miaka mitatu baada ya kupatana na kusalimiana na Raila, mwana wa Jaramogi, mbele ya Harambee House tarehe 9 Machi 2018, wazee wa Kisumu waliona zaidi ya gwaride. Wapo waliolipokea jina lile kama kufungwa kwa kidonda, na wapo walioona limewekwa mapema mno. Maoni yote mawili yana haki ya kusikizwa, kwa sababu jina la uwanja wa umma ni kauli ya umma. Tazama pia kinachotokea barabarani. Hospitali ile ya 1969 leo inaitwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, na iko kwenye njia hiyo hiyo ya Kakamega unayoifuata kwenda uwanjani. Ukitoka mjini kwa matatu unapita jina la Jaramogi, kisha unashukia jina la Kenyatta. Makondakta hawataji hata moja kati ya hayo. Wanaita Russia (ndiyo hospitali ile ya msaada wa Kisovieti), Kondele, Mamboleo.

Hilo ndilo jibu la vitendo kwa mgeni: mwambie kondakta Mamboleo ukienda uwanja mpya. Ukisema Kenyatta, unaweza ukashushwa katikati ya jiji na kukuta uga mtupu wakati wenzako wanaimba wimbo wa taifa kilomita kadhaa kutoka hapo.

Nani ana mamlaka ya kutoa jina?

Katiba ya 2010 haina kifungu kinachotaja majina ya viwanja. Mamlaka hayo yanamfuata anayemiliki na kusimamia. Jedwali la Nne la Katiba linaweka shughuli na vifaa vya michezo vya kaunti mikononi mwa serikali za kaunti. Ndiyo maana Moi ya Kisumu, Mamboleo, Bukhungu ya Kakamega, Afraha ya Nakuru na uwanja wa Homa Bay ni mambo ya kaunti husika. Viwanja vya taifa kama Kasarani na Nyayo viko chini ya Sports Kenya, shirika lililoundwa na Sheria ya Michezo ya 2013.

Mgawanyo huu unaeleza kwa nini mjadala wa Talanta na mjadala wa Mamboleo haviendi mlango mmoja. Talanta ni mradi wa serikali ya kitaifa, unajengwa karibu na barabara ya Ngong kwa ajili ya AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, na jina lake litaamuliwa kwenye ngazi ya kitaifa. Mbunge wa Nairobi anaweza kulia machozi bungeni kuhusu jina la Mamboleo, ila anayeshika kalamu ni Kaunti ya Kisumu.

Katika kaunti, jina huweza kuanzia kwa gavana na baraza lake, au kwa hoja ya mwakilishi wadi kwenye bunge la kaunti. Mwananchi naye ana mlango wake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti kuhusu jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake. Kwa viwanja vya kitaifa, Kifungu cha 119 cha Katiba kinatoa haki kama hiyo kwa Bunge la Kitaifa na Seneti. Watu wengi hawaitumii njia hii. Wanaandika hasira mtandaoni, jina linapita, bango linapakwa rangi, na wao wanashangaa kwamba hawakuulizwa.

Ombi zuri huwa fupi na lina mambo manne: uwanja unaozungumziwa na mahali ulipo, jina lililopo sasa, jina linalopendekezwa pamoja na sababu, na kile unachotaka bunge lifanye. Hulifikishi kwa gavana. Unalipeleka kwa karani wa bunge la kaunti. Kosa linaloangusha maombi mengi ni kupeleka kwa kaunti jambo la kitaifa, au kinyume chake, na lingine ni kurundika malalamiko ya ukarabati, ajira na jina ndani ya karatasi moja. Kamati ikikuta mambo matatu ndani ya ombi moja, jina ndilo husahaulika.

Mambo yanayosemwa ambayo si kweli

La kwanza: kwamba uwanja ukiitwa jina la mtu, familia yake ina hisa. Haina. Ardhi ya uwanja wa umma hutambuliwa kwenye rekodi za ardhi kwa nambari ya kipande. Maneno yaliyopakwa langoni hayaingii humo. Bango linaweza kubadilika mara tano bila hati kuguswa hata nukta. Kinyume chake pia ni kweli, na ndicho kinachostahili kutusumbua zaidi: jina zuri halilindi ardhi dhidi ya mnyakuzi. Kinacholinda ni hati, ramani ya mipaka na ukuta. Wakazi wanaopigania jina la uga wao wangefanya vyema waulize siku hiyo hiyo kama uga wenyewe umesajiliwa.

La pili ni neno "kimataifa". Watu wanaamini kwamba uwanja ukishaitwa wa kimataifa, basi timu ya taifa, Harambee Stars, inaweza kuuchezea mechi ya kufuzu. Neno hilo huwekwa na mwenye uwanja. Kibali hutolewa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, baada ya wakaguzi wake kupima mambo ambayo hayana uhusiano wowote na bango: eneo la kuchezea la mita 105 kwa 68 na ubora wa nyasi zake, mwangaza wa taa za usiku, vyumba vya kubadilishia nguo vya timu mbili na vya waamuzi, chumba cha vipimo vya dawa zilizokatazwa, viti vyenye nambari, milango ya dharura, na sehemu ya wanahabari. Kimoja kikikosekana, kibali kinaweza kukataliwa.

Ushahidi tunao wa karibuni. Juni 2024 Kenya ilikuwa na viwanja viwili vyenye neno "kimataifa" kwenye majina yao, Kasarani na Mamboleo. Pamoja na hayo, mechi zetu za nyumbani za kufuzu Kombe la Dunia dhidi ya Burundi na Côte d'Ivoire zilichezwa Lilongwe, Malawi, kwenye Uwanja wa Bingu. Miezi michache baadaye tukawapokea Zimbabwe na Cameroon Kampala, kwenye Uwanja wa Taifa wa Mandela, ambao Waganda wenyewe huuita Namboole. Inauma timu ya taifa inapoimba wimbo wake ugenini ikiwa mwenyeji. Na kabla ya hapo, 2017, CAF ilitupokonya fainali za CHAN za 2018, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, kwa sababu viwanja havikuwa tayari, kimoja kati ya vilivyokuwa vimeahidiwa kikiwa Kipchoge Keino cha Eldoret.

Hapo Eldoret kuna kosa la tatu. Wageni, na sasa hata vijana wetu, hudhani uwanja ule ni wa Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni. Ni wa Kipchoge Keino, aliyeshinda dhahabu ya mita 1500 Mexico 1968 na ya mita 3000 kuruka viunzi na maji Munich 1972. Mji huo huo una uwanja mwingine, 64, jina lililotoka kwenye nambari ya shamba ambako mji ulianzia enzi za walowezi. Wazee wa Uasin Gishu bado wanauita mji wenyewe Sisibo. Nambari ya shamba imedumu midomoni mwa watu zaidi ya karne moja bila kampuni yoyote kuilipia.

Jina linaponunuliwa

Haki ya jina ni bidhaa kama nafasi ya tangazo. Kampuni inalipa, na kwa kipindi kilichoandikwa jina lake linatangulia au linachukua nafasi ya jina lililokuwepo. Arsenal wa London wanachezea Emirates, Bayern Munich Allianz Arena. Hapa kwetu kuna SportPesa Arena ya Murang'a.

Mkataba wa namna hii huonekana rahisi mpaka ukurasa wa jina lenyewe ufike. Mwaka 2009 Coca-Cola walinunua haki ya jina la Uwanja wa Nyayo kwa miaka mitatu. Ndani ya miezi michache kampuni ikajiondoa. Mzozo ulikuwa juu ya neno moja: kampuni ilitaka jina ambalo Nyayo haimo, nayo serikali ikasisitiza kwamba Nyayo ibaki. Nyayo lilikuwa neno la utawala wa Moi, na uwanja ulijengwa 1983 katika miaka hiyo, kwa hiyo kuliondoa kulikuwa uamuzi wa kisiasa, hata kama karatasi ilisema biashara.

Kaunti inayofikiria kuuza jina inapaswa kuandika mapema mambo haya: jina kamili neno kwa neno, mahali litakapotumika (bango, tiketi, barua, matangazo ya redio), muda, nani atalipia kuweka na kuondoa maandishi, na fedha zitaingia akaunti gani. Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Fedha za jina zikitumbukia kwenye mfuko wa jumla wa kaunti, nyasi hazizioni. Ningependa kuona mkataba unaosema wazi kwamba sehemu kubwa inabaki uwanjani, kwenye pampu ya maji, mashine ya kukata nyasi na mshahara wa mtunza uwanja. Majukwaa mapya bila mtunza nyasi huwa matope katika misimu miwili.

Kisha kuna jina la mashindano. FIFA na UEFA hutaka uwanja "safi", yaani bila matangazo ya kampuni ambazo si wadhamini wa mashindano yao. Ndiyo maana kwenye mechi za Ulaya Emirates huandikwa Arsenal Stadium, na Allianz Arena hugeuka kuwa Uwanja wa Soka wa Munich. Mabango hufunikwa au kung'olewa, kisha hurudishwa. Hakuna kilichobadilishwa. Mdhamini ambaye hakuliona hilo kwenye mkataba hudhani ametapeliwa, na kaunti isiyojua hujikuta ikidaiwa fidia kwa siku ambazo bango lake lilifunikwa kwa turubai.

Sherehe za kitaifa, kiwanda cha majina

Tangu 2016 sikukuu za kitaifa zimekuwa zikizungushwa kaunti hadi kaunti, na upande wetu umepata zamu nyingi. Afraha ya Nakuru iliandaa Madaraka ya 2016. Bukhungu ya Kakamega iliandaa Mashujaa ya 2018, Gusii ya Kisii Mashujaa ya 2020, Mamboleo Madaraka ya 2021, Kericho Mashujaa ya 2023, Masinde Muliro ya Bungoma Madaraka ya 2024, na Homa Bay Madaraka ya 2025.

Zamu hizi huja na pesa za ukarabati, na ukarabati huja na hamu ya bango jipya. Baadhi ya kaunti hazikuona haja. Bukhungu, Gusii na Afraha zilipokea marais zikiwa na majina yale yale ambayo mashabiki wa Kakamega Homeboyz, Shabana na Ulinzi Stars walikuwa wameyazoea. Bungoma jina ni la Masinde Muliro, mmoja wa waasisi wa FORD, vuguvugu la upinzani, aliyefariki 1992, ingawa ukishuka stendi bado utaelekezwa Kanduyi.

Je, watu hukataa majina rasmi siku zote? Hapana, na mfano mzuri uko kwenye vilabu vyenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali iliamuru vilabu viache majina ya makabila. Abaluhya United ikawa AFC Leopards. Gor Mahia ikawa Gulf Olympic Rangers, herufi za mwanzo zikiwa bado G, O na R. Lile la kwanza limedumu hadi leo na linapendwa. La pili lilikufa, Gor Mahia ikarudi. Jina hudumu watu wakiweza kuliimba. Wachache wamewahi kuimba Gulf Olympic Rangers.

Nina maoni hapa na sitayaficha. Kenya ina Moi nyingi na Kenyatta nyingi, na ina viwanja vichache mno vya wachezaji. Uwanja wa City wa Nairobi ulipewa jina la Joe Kadenge, mzaliwa wa Vihiga, baada ya kifo chake 2019, na hilo lilikuwa jambo la haki. Magharibi na Nyanza zimetoa wachezaji wa kutosha kujaza malango ya viwanja vyote vya kaunti zake. Mwanasiasa ana barabara, shule, hospitali na uwanja wa ndege. Mchezaji ana uwanja tu.

Na iwe ni mchezaji au kiongozi, jina la mahali libaki ndani ya jina rasmi. Jomo Kenyatta, Mamboleo. Masinde Muliro, Kanduyi. Ambulensi inapoitwa siku ya msongamano, dereva hatafuti heshima ya mtu, anatafuta mahali. Ramani za simu, ratiba za ligi, tiketi na redio za askari zikitumia umbo moja la jina, makosa yanapungua. Kaunti inayobadilisha bango bila kuandikia Shirikisho la Soka, vilabu vinavyotumia uwanja, polisi na wasimamizi wa ramani inaacha jina jipya langoni na la zamani kila mahali pengine.

Jambo hili litahitaji uangalifu zaidi kuanzia sasa. Talanta ikipewa jina la Raila, nchi itakuwa na viwanja viwili vya Raila Odinga, kimoja Nairobi na kingine Homa Bay, kandokando ya ziwa. Ratiba italazimika kuandika mji kila mara, kama inavyofanya kwa Moi Kisumu na Moi Embu, na kondakta wa Homa Bay atatafuta neno lake fupi. Wenye maoni kuhusu Mamboleo na Moi ya Kisumu, karani wa bunge la kaunti anapokea maombi yaliyoandikwa, na hayahitaji wakili.